Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kuandaa na kutuma makala ya utafiti kwenye jarida la akili mnemba (AI)

Haya ndo maswali ambayo watu wanayarudia kila siku, nimeyakusanya sehemu moja ili nikiulizwa tena niwe nakupa namba tu. Nimeshakaa pande zote mbili, ya anayetuma na ya anayehakiki, na nikiri kabisa kwamba vitu vingi humu nilivijua baada ya kukataliwa.

## Kabla hujaanza kuandika

1. Nipeleke konfarensi au jarida?

Kwenye AI konfarensi zina heshima kubwa kuliko ilivyo kwenye fani nyingine, kazi nyingi maarufu zilitokea NeurIPS, ICML, ACL na wenzake wala hazikupita jarida kwanza. Ila konfarensi ina dedilaini, ina kurasa chache, na wahakiki wanasoma makala nyingi kwa wiki chache. Jarida halina dedilaini, unatuma ukiwa tayari, unapata nafasi ya kueleza kila kitu, na ukiambiwa rekebisha unarekebisha, makala inarudi kwa wahakiki walewale, haihukumiwi mara moja ikaisha.

Mimi nashauri jarida kama kazi ina nadharia ndefu, ina majaribio mengi, au ni ya kuunganisha AI na fani nyingine kama tiba au kilimo. Kama ni wazo dogo lenye haraka, konfarensi. Na unaweza kufanya vyote, konfarensi kwanza halafu toleo refu jarida, lakini lazima uongeze kitu cha maana na umwambie mhariri waziwazi nini kimeongezeka. Watu hutaja asilimia 30 ya mambo mapya kama kipimo, sio sheria ya dunia nzima, soma masharti ya jarida lenyewe.

2. Nitachaguaje jarida?

Fungua orodha ya marejeleo yako mwenyewe, yale majarida yanayojirudia humo ndo yenye wasomaji wako. Kama hakuna hata moja la jarida unalotaka kutuma, basi huenda umepotea njia.

Kwa picha ya haraka: *Artificial Intelligence* lilianza 1970 na linapenda kazi nzito za AI kwa upana wake. *JAIR* (Journal of Artificial Intelligence Research) lipo mtandaoni bure tangu 1993. *JMLR* (Journal of Machine Learning Research) lilianza 2000, na mwaka uliofuata wahariri 40 wa jarida la *Machine Learning* wakajiuzulu kwa barua ya wazi wakitaka kazi zisomwe bure, na JMLR ndo likawa kimbilio. *IEEE TPAMI* ni la mambo ya kuona kwa kompyuta na utambuzi wa ruwaza. *TMLR* (Transactions on Machine Learning Research) ni la 2022, lina utaratibu tofauti kidogo: halikuulizi kama kazi yako itatikisa dunia, linauliza kama madai yako yana ushahidi na kama kuna watu watakaoyajali. Kwa mtu anayeanza hilo swali la TMLR ni zuri sana hata kama hutumi huko.

Soma ukurasa wa malengo ya jarida, afu soma makala tatu za karibuni. Hii kazi ya saa moja inakuokoa miezi.

3. Lazima nilipe ili ichapishwe?

Hapana. JMLR, JAIR na TMLR hazimtozi mwandishi na msomaji halipi pia. Majarida ya wachapishaji wa kibiashara mara nyingi yana njia mbili, moja msomaji analipa na wewe hulipi, nyingine wewe unalipa ada ili isomwe bure. Kama huna ruzuku chagua ya kwanza, na weka nakala yako mahali panaporuhusiwa (swali la 18). Wachapishaji wengi pia wana msamaha au punguzo kwa waandishi wa nchi za kipato cha chini, ila uombe wakati wa kutuma, ukisubiri mpaka umekubaliwa baadhi hawakusikilizi.

4. Nimepata imeili inanisifia na kuniomba makala, nitume?

Futa. Jarida la maana halikuandikii "Mpendwa Profesa Mashuhuri" wakati bado ni mwanafunzi. Dalili ni zilezile, wanaahidi majibu ndani ya siku tatu, ada haionekani mpaka mwisho, fani zimechanganywa kuanzia meno mpaka roboti, na wahariri ukiwatafuta hawajui kama majina yao yapo pale. Kuna aina mbaya zaidi, tovuti inayoiga jarida halisi kwa jina na namba za utambulisho zilezile. Kwa hiyo usiingie jarida kupitia linki ya imeili, tafuta mwenyewe, angalia kama lipo DOAJ (orodha ya majarida yanayosomwa bure) kama ni la bure kwa wasomaji, na pitia maswali ya tovuti ya Think. Check. Submit. inayosaidia kukagua majarida.

5. Nitajuaje kazi imetosha kuwa makala?

Andika sentensi moja: "Makala hii inaonyesha kwamba ___." Ukishindwa kujaza, bado. Ukijaza kwa "tumetumia modeli fulani kwenye data fulani tukapata asilimia 97", bado pia, hiyo ni ripoti ya kazi. Dai ni kitu ambacho mtu anaweza kukubishia, kwa mfano kwamba njia fulani inahitaji data kidogo kuliko nyingine kwenye hali fulani na sababu ni hii. Ukishalipata, kila jedwali na kila mchoro ujiulize unatetea dai lipi, usiotetea kitu unaondoka hata kama ulikugharimu wiki mbili za GPU (chipu ya kufunzia modeli). Inauma najua.

## Kuandika

6. LaTeX au Word?

LaTeX (mfumo wa kupanga maandishi kwa amri), kwa templeti ya jarida husika. Milinganyo inakaa vizuri na marejeleo yanajipanga yenyewe. Kama huijui, Overleaf inafanya kazi kwenye brauza bila kuinstoli chochote. Majarida kadhaa yanapokea Word pia, ila haya ya AI wengi wamezoea LaTeX, mhariri akiona templeti ya jarida lingine anajua umekataliwa huko juzi.

7. Nianze kuandika sehemu gani?

Anza na majedwali na michoro, afu mbinu, afu matokeo, halafu utangulizi, na ikisiri (abstract) iwe ya mwisho. Watu wengi wanaanza na utangulizi wanakwama kwenye "katika dunia ya leo ya teknolojia" wiki nzima. Hiyo sentensi ifute ukiikuta, hakuna mhakiki aliyewahi kujifunza kitu kutoka kwake.

Sehemu ya kazi zilizotangulia isiwe orodha ya "fulani alifanya hivi, fulani alifanya vile". Panga kwa mawazo, useme kila kundi linaishia wapi na wewe unaanzia wapi.

8. Ikisiri iwe ndefu kiasi gani na iwe na nini?

Jarida litakuambia kikomo, mara nyingi ni kati ya maneno 150 na 250. Iwe na tatizo, ulichofanya, ulichopata kwa namba, na mipaka yake. Isiwe na marejeleo wala vifupisho visivyoelezwa. Kumbuka wahakiki wanaombwa kuhakiki wakiwa wameona kichwa na ikisiri tu, mtu mwenye shughuli zake anaamua hapo kama atakubali au la.

9. Kingereza changu sio kizuri, nitakataliwa?

Lugha inayoeleweka inatosha. Nimehakiki makala zenye sarufi ya kuyumba ambazo hoja ilikuwa imenyooka nikazipitisha na marekebisho, na nimekataa zilizoandikwa kwa ufasaha wa hali ya juu zisizosema kitu. Andika sentensi fupi, tumia neno moja kwa kitu kimoja kuanzia mwanzo mpaka mwisho (usibadilishe jina la modeli yako kila ukurasa ili kupendezesha), na mpe mtu asiyehusika asome kwa sauti, pale anapokwama ndo pa kurekebisha.

10. Naruhusiwa kutumia ChatGPT na zana kama hizo?

Kunyoosha lugha, wengi wanaruhusu, ila sera zinatofautiana na zinabadilika kwa hiyo soma ya jarida siku unayotuma. Jambo ambalo wachapishaji wakubwa na COPE (kamati ya maadili ya uchapishaji) wamekubaliana tangu 2023 ni kwamba zana haiwezi kuwa mwandishi, kwa sababu haiwezi kubeba lawama. Wewe ndo unabeba. Majarida mengi yanataka useme umeitumia wapi, basi sema, sentensi mbili zinatosha.

Hatari kubwa ni marejeleo ya kubuni, zana inakupa kichwa kizuri cha makala na majina ya watu wa kweli lakini makala yenyewe haijawahi kuwepo. Kila rejeleo lifungue kwa mkono wako, uone DOI (namba ya kudumu ya makala mtandaoni) inafika, na usome angalau pale unaponukuu. Na achana na programu za kubadilisha maneno ili kukwepa kipimo cha kunakili. Mwaka 2021 watafiti wakiongozwa na Guillaume Cabanac walionyesha jinsi zinavyojianika: "artificial intelligence" ilikuwa imegeuzwa "counterfeit consciousness" kwenye makala zilizochapishwa tayari. Ukiicheka kumbuka kuna mtu jina lake lipo juu ya makala ile.

## Majaribio, data na msimbo (code)

11. Kosa gani linaua makala nyingi?

Data ya kupimia kuvuja kwenye data ya kufunzia. Hili ningeweza kuliandikia ukurasa peke yake.

Linakuja kwa sura nyingi. Mtu anasawazisha namba zote kwanza kwa wastani wa data nzima ndo anagawanya, tayari data ya kufunzia imechungulia ya kupimia. Mtu ana picha kumi za mgonjwa mmoja, anagawanya kwa picha badala ya kwa mgonjwa, modeli inamtambua mgonjwa wala haitambui ugonjwa. Mtu anaongeza picha kwa kuzizungusha na kuzigeuza kabla ya kugawanya, kwa hiyo picha ileile ipo pande zote mbili ikiwa imelala. Mtu ana data ya muda anaichanganya ovyo, modeli inatabiri jana ikiwa inajua kesho. Au anajaribu haipaparamita (mipangilio ya modeli unayoichagua mwenyewe) mia moja akiangalia kila mara matokeo ya seti ya kupimia, afu anaripoti kubwa kuliko zote. Hiyo ya mwisho ndo ya kawaida kuliko zote na wengi hawajui kama ni kosa, ndo maana kuna seti ya tatu ya uthibitishaji, ya kupimia iguswe mwisho kabisa.

Kwa modeli kubwa za lugha kuna uvujaji mwingine, maswali ya benchimaki (mitihani ya kulinganishia modeli) yapo mtandaoni na modeli ilishayasoma wakati inafunzwa. Kama unapima modeli hizo, eleza ulichofanya kuangalia hilo, au tumia maswali uliyoyatengeneza baada ya modeli kutoka.

Nikiona asilimia 99.8 kwenye tatizo ambalo wenzako wanapata 85, kitu cha kwanza natafuta uvujaji. Usinifanye nikautafute mimi, eleza ulivyogawanya data hatua kwa hatua.

12. Usahihi wa asilimia ngapi unatosha?

Swali halina jibu hivyo. Kama asilimia 95 ya data yako ni "hana ugonjwa", programu inayosema "hana" kwa kila mtu inapata 95 na haijafanya kitu. Toa vipimo vinavyoendana na tatizo, usahihi wa waliotajwa (precision), uwezo wa kuwapata wote (recall), F1 inayounganisha hivyo viwili, pamoja na jedwali la modeli ilichanganya nini na nini. Kingine, lazima kuwe na modeli za kulinganishia, na mojawapo iwe rahisi sana. Mara kibao regresheni ya kawaida iliyotunzwa vizuri inaufikia mtandao wa neva wenye tabaka ishirini, na mhakiki akikuuliza hujaijaribu huna pa kujificha. Na hizo za kulinganishia zipe muda wa kurekebishwa sawa na yako.

13. Nirudie jaribio mara ngapi?

Zaidi ya moja, jamani. Tano ni kawaida kama gharama inaruhusu, kila mara kwa sidi (namba inayoanzisha bahati nasibu ya programu) tofauti, uripoti wastani na mtawanyiko wake. Mwaka 2018 ilionyeshwa kwenye ujifunzaji kwa thawabu (reinforcement learning) kwamba ukichukua algoriti moja na mipangilio ileile, ukabadilisha sidi tu na kugawa matokeo makundi mawili, mikondo inaweza kuonekana kama ya algoriti mbili tofauti. Sasa wewe tofauti yako ni nusu asilimia kwa jaribio moja unasema umeshinda? Kama mafunzo ni ghali mno kurudia, sema hivyo, na punguza ukubwa wa dai.

14. Mhakiki anataka ablesheni, ndo nini?

Unaondoa kipande kimojakimoja cha mfumo wako uone matokeo yanashuka kiasi gani. Kama una vipande vinne vipya na kimoja tu ndo kinafanya kazi yote, msomaji anahitaji kujua. Fanya kabla hujatuma maana wataitaka tu.

15. Lazima niweke msimbo na data wazi?

Inategemea jarida, ila ukiweka unaaminika zaidi. Weka msimbo GitHub (tovuti ya kuhifadhi msimbo), afu toleo lile ulilotumia kwenye makala liweke Zenodo (hifadhi ya kudumu ya kazi za utafiti) lipate DOI, kwa sababu GitHub unaweza kuibadilisha kesho. Weka matoleo ya maktaba, sidi, amri ya kuendesha kila jedwali, aina ya GPU na muda uliochukua. Jaribu kuiendesha kwenye mashine nyingine mwenyewe, nusu ya misimbo ninayopakua inatafuta folda iliyopo kwenye kompyuta ya mwandishi tu.

Kama data ni ya siri, sema kwa nini na nani anaweza kuiomba wapi. "Inapatikana kwa maombi" peke yake ni ahadi ambayo kila mtu anajua haitimizwi.

16. Data nimeitoa mtandaoni, nahitaji kibali?

Kuwa mtandaoni sio kuwa huru. Angalia leseni, na kama ina watu ndani (sura, sauti, meseji, rekodi za hospitali) pata kibali cha kamati ya maadili *kabla* ya kukusanya, hakuna kibali cha kurudi nyuma. Angalia pia kama data yenyewe bado inakubalika. Tiny Images iliondolewa na MIT mwaka 2020 kwa sababu ya lebo za matusi. Na ile picha ya Lena iliyotumika miaka na miaka kwenye usindikaji wa picha, IEEE Computer Society iliacha kupokea makala zenye hiyo picha kuanzia Aprili 2024. Bado kuna watu wanaituma.

## Kutuma

17. Niwe na nini mkononi kabla sijabonyeza?

PDF kwa templeti, michoro ya vekta (ukiikuza isivunjike, na isomeke bila rangi), ORCID (namba ya utambulisho wa mtafiti) yako na ya wenzako, maelezo ya nani alifanya nini, maelezo ya ufadhili na mgongano wa maslahi hata kama ni kusema haupo, na barua kwa mhariri. Barua iwe nusu ukurasa: dai lako, kwa nini jarida hili, na kama kuna toleo la konfarensi au la awali lililotangulia. Usirudie ikisiri.

Ukiombwa kupendekeza wahakiki, wape watu unaonukuu kazi zao na ambao hamjawahi kuandika pamoja, kwa imeili za kazini. Kuna watu walijipendekeza wenyewe kwa imeili za kutunga, wahariri siku hizi wanaangalia.

18. Naweza kuweka arXiv (hifadhi ya wazi ya makala za awali) kwanza?

Majarida mengi ya AI hayana shida, thibitisha kwenye sera. arXiv ipo tangu 1991 na haina mapitio ya wataalamu, ina ukaguzi mdogo tu, na mara ya kwanza unaweza kuhitaji mtu wa kukuidhinisha kwenye kundi husika kama cs.LG (ujifunzaji wa mashine) au cs.CL (lugha). Toka mwishoni mwa 2025 upande wa sayansi ya kompyuta haupokei makala za mapitio ya fani wala za msimamo mpaka ziwe zimekubaliwa kwanza kwenye jarida au konfarensi. Jua pia kwamba ukishaweka haitoki, ukiiondoa matoleo ya zamani yanabaki yanaonekana, na leseni uliyochagua huibadilishi kwa toleo lile.

19. Jarida linaficha majina pande zote, nafanyaje?

TMLR kwa mfano liko hivyo. Toa majina, shukrani, jina la mfadhili, na jiongelee kama mtu wa tatu ukijinukuu. Watu wanasahau sifa za faili la PDF zenye jina lako, na linki ya GitHub yenye jina lako pia, tumia Anonymous GitHub, inayoficha jina lako. Soma na majina ya folda kwenye msimbo.

20. Nitume majarida mawili kwa pamoja, lolote litakalojibu kwanza?

Usithubutu. Wahakiki wa fani moja ni walewale, makala moja inaweza kumfikia mtu mmoja kutoka sehemu mbili, mimi imenitokea. Zote mbili zinakataliwa na jina linabaki kwenye kumbukumbu. Ukichoka kusubiri, iondoe rasmi kwanza, usubiri uthibitisho, ndo upeleke pengine.

## Baada ya kutuma

21. Imekataliwa ndani ya siku nne, hata hawajasoma?

Mhariri amesoma kichwa, ikisiri, na labda michoro, akaona haiendani na jarida au dai halionekani. Hii ndo njia ya haraka kuliko zote ya kukataliwa, shukuru haikuchukua miezi. Rudi swali la 2 na la 5.

22. Miezi minne kimya, nimwandikie mhariri?

Ndiyo, mistari mitatu ya heshima, ukitaja namba ya makala. Miezi mitatu mpaka sita ni kawaida, shida mara nyingi ni kupata wahakiki. Ukiandika baada ya wiki mbili utaonekana mgeni.

23. Wametuma "marekebisho makubwa", ni kukataliwa kwa heshima?

Hapana, ni habari njema, wangetaka kukukataa wangekukataa. Nakili kila hoja ya kila mhakiki, chini yake weka jibu, na chini ya jibu weka sentensi mpya kama ilivyo kwenye makala pamoja na namba ya ukurasa. Mhakiki asitafute. Usijibu siku uliyopokea, siku ile una hasira, lala kwanza.

Mhakiki akikosea, mara nyingi ni kwamba ulieleza vibaya, rekebisha maelezo hata kama uko sahihi. Ukiwa na hakika amekosea, kataa kwa ushahidi bila kejeli. Na akikuambia unukuu makala sita zote za mtu mmoja zisizohusiana, usibishane naye, mwandikie mhariri pembeni.

## Mambo ya pembeni

24. Msimamizi hakufanya kitu ila anataka jina liwe la kwanza.

Swali gumu na linaulizwa sana, kawaida usiku. Mfumo wa CRediT, wa kuorodhesha nani alichangia nini, una majukumu 14, mpendekeze mkae mjaze pamoja *kabla* ya kuandika, ni rahisi kujadili jedwali kuliko kujadili mtu. Kulipia umeme au kuwa mkuu wa idara peke yake sio uandishi. Ukishatuma, kubadili majina kunahitaji sahihi za wote na maelezo kwa mhariri.

25. Nimegundua kosa kwenye msimbo wakati makala iko kwa wahakiki.

Mwandikie mhariri leo. Kama namba zinabadilika kidogo unatuma mpya, kama dai linakufa unaiondoa. Baada ya kuchapishwa ni vilevile, kuna tangazo la masahihisho na kuna kufuta makala, na anayejisema mwenyewe anatazamwa tofauti kabisa na aliyekamatwa.

26. Wahakiki wenyewe wanatumia AI, niweke maelekezo yaliyofichwa ili inisifie?

Mwaka 2025 zilipatikana makala arXiv zenye maandishi meupe juu ya karatasi nyeupe yakiiambia AI itoe sifa tu. Nyingine ziliondolewa, na maelezo ya baadhi kwamba walikuwa wanawatega wahakiki wavivu hayakuwasaidia sana. Ukihisi mapitio yako yameandikwa na mashine, kwa mfano yanazungumzia jedwali ambalo halipo, peleka mfano huo kwa mhariri.

27. Njia yangu haikushinda, niitupe?

Kama swali lilikuwa la maana na jaribio lilikuwa safi, hapana. Onyesha kwa nini haikufanya kazi, kwa ablesheni na mifano ya inapokosea, na tafuta jarida linalopima ushahidi kuliko ushindi (swali la 2). Ila "haikufanya kazi kwa sababu nilikosa muda wa kuirekebisha" hiyo sio matokeo, hiyo irudishe kwenye GPU.